Mstari Mtupu katika Kitabu cha Uwandani

Vijana wangu wa uwanja wa ndege,

Wiki iliyopita mliniaga kwa pilau, soda na saa ya ukutani. Nashukuru sana, ingawa sijui nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu aliyestaafu anahitaji saa. Mmoja wenu, sitomtaja, alisimama akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi Mzee Vuai hakuvunja kanuni hata moja. Mkapiga makofi. Mimi nikainama, mkadhani naona haya. Wapi! Nilikuwa namkumbuka Mzee Pandu.

Kanuni moja niliivunja. Niliivunja mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, na hadi leo nikikumbuka roho yangu hufurahi. Lakini siwezi kukuelezeni hayo kabla sijakuelezeni kiwanja cha Uwandani. Wengi wenu mnapita pale kwa gari mkienda Kizimkazi kutazama pomboo, wala hamjui kwamba mnakata katikati ya uwanja wa ndege.

Niliingia kazini mwaka wa Mapinduzi, mambo yalipokwisha kutulia kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa, na mimi nilimsaidia kukata kuni na kupanga mawe kwenye tanuu. Siku moja alifika Mzee Pandu, msimamizi wa kiwanja, kuchukua chokaa ya kupakia mawe yake. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, suruali ya kaki imepigwa pasi ikasimama, na kofia ya viua kichwani. Alinitazama nikipanga mawe, kisha akamuuliza baba, "Huyu kijana wako ana subira, au ana nguvu tu?"

"Nguvu anazo," baba akajibu. "Subira katafute mwenyewe."

Kesho yake nikaripoti kazini. Kiwanja chenyewe kilikuwa njia moja ya majani mafupi juu ya ardhi ya mawe, ile ardhi yetu ya uwanda ambayo mvua ikinyesha maji huzama papo hapo. Pande zote mbili palipangwa mawe meupe ya chokaa ili rubani aone mpaka. Palikuwa na kibanda cha bati kilichoitwa ofisi, mlingoti wa mfuko wa upepo, na simu ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ndiyo ilikuwa simu pekee ya kijiji. Na palikuwa na kitabu. Kila siku ilikuwa na mstari wake humo, na ndege ikishuka tuliandika: upepo, hali ya uwanja, abiria, na alama zilizokuwa uwanjani.

Ndege ndogo ya injini mbili ilikuja mara moja kwa wiki. Ilileta barua, dawa, na wakubwa waliotaka kukiona kijiji bila ya kurushwarushwa na barabara. Nje ya hapo ilikuja ikiitwa, mara nyingi kwa ajili ya mgonjwa. Lori likitoka kwetu alfajiri lilifika mjini adhuhuri, hiyo ni siku njema, na dereva awe hana jamaa wa kuwasalimia njiani.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya mjomba wangu, vya ngozi, vimenipita kidogo. Nilitaka nionekane mtu wa serikali. Mzee Pandu alivitazama muda mrefu.

"Vua," akasema.

Nikadhani ofisini hapaingiwi na viatu. Nikavivua nikaviweka mlangoni. Yeye naye akavua vyake, akanishika mkono, tukatoka. Tukakitembea kiwanja chote peku, mwanzo hadi mwisho, yeye upande ule na mimi upande huu, tukarudi tena kwa mstari wa pili, na wa tatu. Jua lilikuwa linapanda na mawe yanaanza kupata moto.

"Mzee," nikasema, "si tungetazama tu kwa macho?"

"Macho yako yatazoea majani haya wiki moja tu, baadaye hayaoni kitu. Ukikanyaga mwiba, huwezi kusema hukuuona. Gurudumu la ndege ni mpira, Vuai. Kinachokuchoma wewe kinalichoma na lile."

Siku ile nilikanyaga miiba mitatu, kipande cha chupa, na shimo la kaa lililonimeza mguu hadi kifundoni. Mzee Pandu aliziba shimo, akaning'oa miiba kwa ncha ya kisu, hakusema pole. Kila asubuhi, jua au mvua, ndege iwe inakuja au haiji, alikitembea kiwanja namna ile. Sijapata kumuona mtu anayeipenda ardhi kwa nyayo zake kama yule. Mimi nilipohamia kwenu kwenye lami niliendelea na tabia hiyo, na mmoja wenu akanipiga picha kwa siri ili mcheke. Nilikuwa nimeshika nini mkononi siku ile ya picha? Nati ya ndege. Magari matatu ya ukaguzi yalikuwa yameshaipita.

Vyombo vyetu vya kazi mngeviona leo mngedhani ni vya makumbusho. Rola ilikuwa pipa la mafuta lililojazwa zege, lina mti katikati, tunalivuta watu wawili. Majani tuliyakata kwa fyekeo. Brashi ya kupakia chokaa ilikuwa kumbi la nazi lililopondwa ncha, na nakuhakikishieni haijatengenezwa brashi bora kuliko ile. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ng'ombe. Mzee Pandu aliwajua kwa majina ya wenyewe, na akiwafukuza aliwaita hivyo hivyo: "Toka, Haji! Bi Kazija, hebu nipishe!" Wageni waliosikia walidhani anawatukana watu.

Akanifundisha alama. Mfuko wa upepo, nausomaje. Ubao mweupe wa kumuonesha rubani ashukie upande gani. Bendera nyekundu, maana yake ngoja, tunawaondoa Haji na Bi Kazija. Moshi wa majani mabichi, ili mfuko ukilala rubani aone upepo kwa moshi. Alinifundisha, akaniuliza, akaniamsha usingizini mchana akaniuliza tena. Nikajiona nazijua zote.

Mwaka wangu wa tatu, asubuhi moja, Mzee Pandu alikwenda mjini kutafuta kitambaa cha mfuko mpya wa upepo. Mimi nikabaki peke yangu. Haikuwa siku ya ndege. Kijijini palikuwa na matayarisho ya maulidi, na mama yangu alikuja na wanawake wenziwe wawili, wamebeba merikani mbili ndefu, nguo nyeupe zilizofuliwa, zile zinazotandikwa chini watu wapangwe wakae kula.

"Vuai mwanangu, nnakuomba," mama akasema. "Kule kwetu kila tukianika chini ya miti kunguru wanatuharibia. Hapa kwenu kweupe, hapana hata mti."

"Mama, Mzee Pandu hataki kitu chochote kianikwe hapa."

"Mzee Pandu si yuko mjini? Zitakauka kabla hajapanda lori."

Ningefanya nini, na ni mama? Nikamwambia basi, lakini kule mwisho kabisa. Wakaenda wakatandaza. Upepo ulikuwa unazipeperusha, na jiwe zuri walilolipata lilikuwa moja tu. Basi wakazipitisha merikani moja juu ya nyengine, wakaliweka jiwe lile katikati, likazishika zote mbili. Nilipita nikaona, nikasema moyoni, hawa wanawake wana akili.

Adhuhuri haijaadhiniwa, Bi Mize alikuja anakimbia. Bi Mize alikuwa mkunga wetu, mwanamke mnene asiyekimbia kwa jambo dogo. Zuwena, mke wa Ame seremala, alikuwa na uchungu tangu jana, mimba ya kwanza, na mtoto hashuki.

"Ita ndege," akaniambia. "Usiniulize kitu, ita ndege tu."

Nikaizungusha simu, nikapata mjini, wakasema ndege inaruka sasa hivi. Nikatoka mbio. Nikawafukuza ng'ombe, nikauweka ubao, nikawasha moshi. Merikani niliziona kule mwisho. Nikasema zimelala chini, ziko mbali, hazimdhuru mtu. Ame na jamaa zake walishamleta Zuwena kwa kitanda cha kamba, wamemfunika kanga, wamemuweka kwenye kivuli cha kibanda.

Ndege ikaja. Ikateremka, ikateremka, tukaona mpaka magurudumu. Ilipofika mwisho wa kiwanja ikainama upande mmoja kama anayechungulia, ikapandisha. Ikazunguka mara moja. Halafu ikashika njia ya mjini, ikapotea.

Tulisimama tumeduwaa. Ame alinishika shati akaniuliza, "Imekwenda wapi? Vuai, imekwenda wapi?" Nikarudi kwenye simu mbio. Mjini wakaniambia rubani ametoa taarifa kwamba kiwanja kimefungwa. "Kiwanja kiko wazi!" nikapiga kelele. Wakasema rubani ameona alama kwa macho yake, na ndege imeshapewa safari ya Pemba.

Zuwena alipakiwa kwenye lori juu ya godoro. Yeye alifika hospitali hai, alhamdulillahi. Mtoto hakufika.

Mzee Pandu alirudi kesho yake alasiri. Merikani zilikuwa bado ziko pale pale, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua. Alizitazama kwa mbali, akaweka kitambaa chake kipya chini.

"Nani katandaza?"

"Mama. Mimi nilimruhusu."

Sikupata kipigo wala tusi, na nilikuwa nikiyasubiri yote mawili. Alichutama, akachora kwa kidole vumbini mistari miwili iliyokatana, kama mkasi uliofunguliwa. "Hii ni alama ya kiwanja kilichofungwa," akasema. "Rubani akiuona mkasi huu hashuki, hata kama ndege inaungua."

"Hukunifundisha hii, mzee."

"Najua." Akaufuta mkasi kwa kiganja. "Sikutaka kuitaja. Kila nikitaka kukufundisha, naona kama nnakiitia kiwanja mkosi. Nkasema nitakwambia mwakani. Ujinga wangu mie huo, Vuai, na mtoto wa watu kenda nao."

Alikifungua kitabu mbele yangu akaandika: ndege imegeuka, sababu alama ya kufungwa kuonekana uwanjani, kosa ni la msimamizi. Akatia saini. Nilimuomba aandike jina langu, akanitazama kwa ukali ambao sijauona tena kwake. Kitabu hiki, akaniambia, hakiandikwi uongo. Barua ya onyo ikamjia, na ile nafasi ya mjini aliyokuwa akiingojea wakapewa wengine. Hakunilaumu hata mara moja. Mimi ningemlaumu mtu.

Mama alizikata zile merikani vipande vipande, hakuzitandaza tena katika shughuli yoyote. Wenziwe walimfariji, hakusikia. Na Zuwena akirudi kisimani akinikuta njiani alikuwa akinisalimia vizuri tu, "Hujambo Vuai," na kupita. Heri angenitukana.

Miaka ikapita, tukafanya kazi yetu. Tukaingia miaka ya sabini, na Mzee Pandu akapokea barua. Barabara ya lami ilikuwa inatengenezwa kutoka mjini hadi kusini, hivyo kiwanja cha Uwandani hakihitajiwi tena. Kifungwe, alama iwekwe, na mwisho wa mwezi sote wawili tuhamie mjini. Barabara yenyewe ilikuwa bado haijafika nusu. Yaani dawa imetupwa na ngalawa ya kuileta nyengine haijachongwa, lakini barua ilikuwa na mhuri, na mhuri haubishwi. Mzee Pandu alitakiwa kutia saini kwamba mkasi umewekwa, na kwamba yeyote atakayeugusa atapoteza kazi na kushtakiwa. Akatia.

Tuliuweka kwa yale mawe meupe ya mipaka, siku nzima. Nilitaka tuyapange haraka haraka tuondoke. Yeye akaleta kamba na vigingi, akapima kila ncha. "Kikifungwa, kifungwe vizuri," akasema. Jiwe kubwa kuliko yote akaliweka la mwisho, katikati, pale mistari inapokatana. Akasimama juu yake kidogo, akashuka, akaenda kunawa mikono. Tangu siku ile alikuja kazini amevaa viatu na hakuvivua. Hapakuwa tena na cha kukagua. Nilikuwa nikivisikia vile viatu vikigonga sakafu ya kibanda, natamani kulia.

Haukupita muda, masika yakaanza. Barabara ilikuwa imeshachimbuliwa na mashine, mvua ikaigeuza matope, mashine zenyewe zikazama. Hakuna lori lililoingia wala kutoka.

Asubuhi ya siku ya tatu, mvua imekatika, Bi Mize alikuja. Safari hii hakukimbia, miguu ilikuwa haimruhusu tena, lakini nilimuona uso nikajua.

"Zuwena," akasema. "Mtoto kakaa ubavu. Nshajaribu kila kitu ninachokijua."

Kijiji kizima kilijua Zuwena amengoja mimba ile miaka mingapi. Nilimtazama Mzee Pandu. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kitabu kiko mbele yake. Nikaiendea simu.

Mjini wakaniambia nilichokuwa nakijua: kiwanja kimefungwa, ndege haiwezi kutumwa. Nikaomba nizungumze na Kapteni. Huyu alikuwa rubani wetu wa miaka yote, mtu wa bara, mrefu hata kuingia kwenye ndege yake ilikuwa kazi, na ndiye aliyegeuza siku ya merikani. Alifanya alivyotakiwa kufanya siku ile, na nilijua hakupata kuisahau.

"Vuai," akasema, baada ya kunisikiliza. "Ni mama yule yule?"

"Ndiye."

Kapteni akasema polepole, "Sikiliza vizuri. Mimi nina ndege hapa ninatakiwa kuijaribu injini. Nitaijaribu upande wa kusini. Nikipita hapo nikauona msalaba wenu, nageuza, na sitarudi. Nisipouona, basi sijaona kitu. Nipe saa moja."

Nikaweka simu. Mzee Pandu alikuwa ameshasimama mlangoni, amenipa mgongo.

"Mzee," nikasema, "nenda nyumbani ukalale. Nitautoa mimi. Saini ni yako, wewe hukuwepo, hukuona chochote."

Akageuka. "Kiwanja hiki nnakitembea peku tangu wewe hujui kuvaa suruali. Leo ndio nisione?" Akainama, akavua viatu. Akaviweka mlangoni sambamba, kama zamani. "Twende. Lile la kati kwanza."

Mzee wa watu, alikuwa amebakisha miaka michache tu ya kazi. Alijua anachokiweka rehani. Nilimfuata nikiwa namuogopea, na nikiwa najivuna kwamba nilifundishwa kazi na mtu kama huyu.

Jiwe lile la kati lilituhitaji sote wawili. Tulipolinyanyua nikasikia watu nyuma yangu. Mama yangu alikuwa wa mwanzo. Hakuniuliza kitu, alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa kushoto, akajitwisha jiwe, akaondoka nalo. Akaja Ame, wakaja wanawake wa kisimani, wakaja wanaume wenye mundu na majembe yao, mwalimu wa chuo cha Kurani, muuza duka. Wakajipanga wakapokezana mawe kutoka mkono hadi mkono hadi nje ya kiwanja. Mistari ile ambayo sisi tuliipanga siku nzima ikaisha kabla sijapata kutoa jasho la pili.

"Hakijakaguliwa tangu tulipokifunga," Mzee Pandu akasema. Akawatazama watu wote wale. "Vueni viatu."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walikuwa wakimuona kila asubuhi kwa miaka, wengine wakimcheka. Waliokuwa na viatu wakavivua, tukajipanga bega kwa bega kutoka mpaka huu hadi mpaka ule, kijiji kizima, tukakitembea kiwanja mara moja tu. Kila mahali mtu alikuwa akiita, "Mwiba hapa!" "Jiwe!" "Shimo, leteni mchanga!" Mama alikanyaga kigae akatoka damu, akakitia kwenye kibindo chake akaendelea. Mimi nimeshughulika na viwanja vya ndege maisha yangu yote, nimeona mashine za kila namna. Ukaguzi kama ule sijauona tena.

Nikawasha moshi. Zuwena alikuwa ameshaletwa kwenye kitanda cha kamba, pale pale penye kivuli cha kibanda. Nilijilazimisha nimsogelee. Uso wake ulikuwa umerowa jasho, macho amefumba, nikadhani hanisikii.

"Vuai," akasema. "Leo hamna nguo?"

"Hamna, dada yangu," nikamwambia. "Leo kweupe." Na hapo nikalia mbele ya watu, wala sikujali.

Ndege ilishuka kama iliyokuwa haijapata kugeuka siku yoyote. Kapteni hakuzima injini. Walipakiwa Zuwena, mumewe na Bi Mize, ambaye hajawahi kupanda ndege na aliapa kwa sauti kwamba hapandi, huku akipanda. Kapteni alichungulia dirishani akamuuliza Mzee Pandu kwa kelele, "Mzee, nimeshuka wapi leo?"

"Hujashuka popote!" Mzee Pandu akajibu.

"Vizuri. Shikamoo!"

"Marahaba! Ondoka!"

Ilipopotea, Mzee Pandu aliniambia nilete kamba na vigingi. Tukaupanga mkasi upya, kila jiwe mahali pake, na watu wakasaidia kimya kimya. Alasiri ulikuwa umekaa kama haujaguswa. Tukaingia ofisini. Alikifungua kitabu, akachovya kalamu, akakaa nayo mkononi mpaka wino ukakauka.

"Nikiandika imeshuka, nnamfunga Kapteni. Nikiandika haikushuka, nnasema uongo," akasema. "Basi kitanyamaza." Akaruka mstari mmoja, akaandika chini yake tarehe ya kesho: kiwanja kimefungwa.

Mkaguzi aliyekuja kuchukua vitu vyetu aliuona ule mstari mtupu, akauliza. Mzee Pandu akamjibu kwamba siku ile mvua ilikuwa nyingi. Ilikuwa nyingi kweli, usiku wake. Zuwena alijifungua mjini mtoto wa kike, kwa kisu, wote wawili salama. Walirudi barabara ilipokauka, mama na mtoto, Ame na Bi Mize, ambaye kwa mwaka mzima hakuzungumza habari nyengine ila ndege. Mtoto yule sasa anasomesha skuli ile ile iliyojengwa penye mwisho wa kiwanja, pale zilipoanikwa merikani. Mawe ya mipaka yalikwenda kwenye msingi wa kituo cha afya. Lile la kati Mzee Pandu aliliomba, akalipeleka nyumbani kwake, akawa anasimama juu yake akitia udhu hadi alipofariki. Hakupata kulizungumza jambo lile, na mimi sikumuuliza.

Sasa mnaelewa kwa nini niliinama. Wiki ile ya kuniaga, wakati nasafisha kabati, nilikikuta kitabu cha Uwandani chini ya mafaili yaliyoliwa na mchwa, nikaondoka nacho. Mstari bado mtupu. Mzee Pandu hayupo, Kapteni alirudi kwao zamani na nasikia naye ametangulia, na mimi nimeshastaafu, hamna wa kumuadhibu. Na yeye mwenyewe alisema kitabu hakiandikwi uongo. Nadhani kukinyamazisha muda wote huu nako kumetosha. Basi jana, baada ya sala ya alasiri, nilichukua kalamu nikaujaza, kwa mwandiko wangu mbaya, nami nakituma pamoja na barua hii ili mtakaokifungua muone:

Upepo wa kusi, mwepesi. Uwanja umekaguliwa kwa nyayo, na watu wote. Ndege moja imeshuka salama na kuruka salama. Abiria walioondoka watatu, na mmoja hajazaliwa. Alama uwanjani: hakuna. Msimamizi: Pandu.